Chuma cha Aidarus na Redio ya Dada

Jumapili, 10 Julai 1966

Aidarus amepata chuma kipya. Mtaa mzima wa Kuze hauna habari nyingine. Si chuma cha kulehemu, hicho hata mimi ninacho, nakipasha kwa makaa tangu ujana wangu. Hiki ni cha kunyonya lehemu! Kinatumia umeme. Ncha yake ina tundu kama bomba dogo, na nyuma kina kibofu cha mpira kama honi za motokaa za kale. Unakipasha moto, unabinya kibofu, unagusa penye lehemu, lehemu inayeyuka, unaachia. Fyut! Imemezwa. Amekiagiza Ulaya kwa posta.

Baada ya alasiri alikionyesha barazani kwake kama mtu anayeonyesha mjukuu wa kwanza. Wazee wote walikuwa pale. Wazee wangu! Wa baraza yangu! Hata Kavumbi muuza kahawa alilihamisha dele lake kutoka mlangoni kwangu akavuka nalo ng'ambo. Nikabaki na kikombe kitupu. Aidarus akaniita kwa sauti, niende nikaone mambo ya kisasa, nisiogope, hakiumi. Wakacheka mpaka wakapaliwa.

Miaka arubaini nawatilia bati masufuria na madele yao. Hakuna hata mmoja aliyekufa. Leo nachekwa na mtu aliyejifunza ufundi wa redio kwa barua.

Hata hivyo namshukuru Mungu. Angeweza kunipa jirani mwenye akili.

La pili. Mpwa wangu Jaffar ameandika kutoka Dar es Salaam. Ametuma salamu redioni kwa mamake, dada yangu Mwanakuu. Zitasomwa Jumamosi hii saa nane mchana. Dada hajashuka ngazi mwaka wa pili huu, tangu avunjike nyonga. Dunia yake ni kitanda, dirisha na ile redio ndogo ya betri aliyonunuliwa na Jaffar kwa mshahara wake wa kwanza. Mke wangu Mahfudha amemsomea barua mara tatu. Dada kasema salamu za mwanawe atazisikia kwa redio ya mwanawe, asiletewe ya mtu.

Redio yenyewe inakwaruza. Kidogo tu. Mtu asiye fundi hawezi kusikia.

Aidarus anakwenda Lamu kesho, maulidini, harudi wiki nzima. Chuma hakichukui.

Jumatatu, 11 Julai

Nimekipata!

Nilibisha hodi kwa Aidarus saa tatu, kanzu safi, uso wa mtu mwenye msiba. Mkewe Saadia akaniitikia nyuma ya pazia. Nikamwambia mumewe kaniruhusu nikitumie. Akauliza lini. Nikamwambia jana, barazani, aliniita nikaone na akasema nisiogope, mtaa mzima ni mashahidi. Kuna neno la uongo hapo? Nikasikia kama mtu anacheka puani. Kisha chuma kikapita chini ya pazia, kimefungwa kitambaa, na maagizo nyuma yake kama mkia wa tiara. Kipate moto dakika tano. Nibinye kwanza, niguse baadaye. Nisikae mahali pamoja zaidi ya kuhesabu tatu, maana njia za shaba ubaoni hubanduka. Na ninyonye pale palipolegea, pengine nisiguse.

Nikamwambia, binti yangu, mimi nilikuwa nikilehemu kabla mamako hajaolewa.

Akasema, "Hapo ndipo ninapoogopa, baba."

Mtoto mwenye adabu. Sijui kazijulia wapi habari hizi za njia za shaba. Labda humsikia mumewe akiota.

Dada nilimwambia naishusha redio kuipangusa vumbi. Akaniangalia kama siku ile nilipomwambia mbuzi wa jirani kaingia mwenyewe kwenye sufuria.

Nimekwisha kuifungua. Ndani ya kifuniko palibandikwa karatasi chafu yenye mistari mistari. Nikaibandua, nikampa Kavumbi afungie kashata. Mimi si mtu wa kutupa kitu.

Jumanne, 12 Julai

Nyumba hii tundu la umeme ni moja tu, la taa. Nikaitoa taa, nikachomeka chuma. Waya mfupi! Ukaishia juu ya kabati la nguo. Haya. Nikapanda stuli, nikaweka sinia juu ya kabati na ubao wa redio juu ya sinia, nikafanya kazi kichwa kikigusa boriti kama popo.

Ubao wenyewe si mkubwa kuliko kiganja. Upande mmoja vidude vya rangi, upande wa pili njia za shaba na matone ya lehemu. Palipolegea nilipaona mara moja, penye waya wa betri. Nikabinya. Nikagusa. Moja, mbili, fyut! Safi kama jino la mtoto.

Mtu mwingine angeishia hapo.

Lakini nikayatazama yale matone mengine. Yamefubaa, meusi, ya miaka. Sasa mimi, fundi mwenye jina, nitie lehemu mpya tone moja katikati ya uchafu ule? Anayeniletea dele anajua: kwanza naliondoa bati la zamani lote, hata doa lisibaki, mpaka shaba iwake, ndipo nitie jipya. Hiyo ndiyo heshima ya kazi. Basi, fyut. Na la pili, fyut. Na utamu wake! Ni kama kukunwa pale mgongoni mkono usipofika. Adhuhuri ikaadhiniwa nimo. Alasiri ikaadhiniwa nimemaliza. Matone mia moja na thelathini na moja, hakuna hata moja lililobaki.

Kibofu kilipojaa nilikikamua pembeni. Kumbe pembeni Mahfudha alianika leso mpya. Matundu saba. Nimeikunja, matundu yameingia ndani.

Kisha nikauinua ubao nimtazame bibi harusi wangu. Ubao ukaja. Vidude vikabaki. Vyote! Vimemwagika siniani kama mbaazi.

Sufuria ukiitoa bati inabaki sufuria. Kwenye redio, kumbe, lehemu ndiyo inayoshika kila kitu. Hakuna aliyeniambia.

Nashukuru paka hakuwa chumbani.

Jumatano, 13 Julai

Nimevipanga vidude kwa rangi. Vya mistari mbali, vya mviringo mbali, vyenye miguu mitatu mbali. Sinia limependeza sana. Redio hakuna.

Nikakimbia mpaka Ganjoni kwa fundi mmoja wa Kihindi. Akafunua kitambaa, akatazama, akauliza kama redio imekanyagwa na treni. Nikasema ilikuwa inakwaruza. Akakirudisha kitambaa polepole kama mtu anayemfunika maiti. Akasema nije mwezi ujao, naye hakuahidi kitu.

Njiani nikapata akili. Akili kubwa! Dada anataka sauti itoke kwenye kisanduku. Sauti si ninayo?

Nikakifunga kisanduku kitupu, nikakiweka dirishani kwake. Nikamwambia redio imepata nafuu ila bado changa, isiguswe. Nikatoka, nikajificha nyuma ya mlango, nikabana pua. Lengo langu lilikuwa mazoezi tu, ili Jumamosi niwe nimeiva. Nikasoma habari. Meli imetia nanga Kilindini. Nazi zimepanda bei. Fundi mmoja wa Mombasa, jina lake Aidarus, ameanguka kutoka kwenye punda huko Lamu, kanzu imepasuka pabaya. Nikaimba kidogo.

Dada akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaiuliza redio kama Ganjoni kuna mvua.

Redio ikajibu, manyunyu tu.

Ilinitoka! Dada akaiambia redio imletee maji ya kunywa, na ikimwona yule nduguye mjinga nyuma ya mlango ije naye. Nikaingia. Alicheka mpaka nikamshika mgongo. Nami nikacheka. Kisha akaacha ghafla, akaniuliza kama imekufa. Nikasema haijafa, imetengana. Akageukia ukutani.

Akasema, "Abdu, mimi sikutaka makubwa. Mwaka wa pili huu jina langu halijatoka nje ya chumba hiki. Nilitaka litajwe na mwanangu, watu wasikie."

Hakusema zaidi. Bora angenitukana, matusi yake nimeyazoea. Mama alipofariki nilikuwa na miaka sita. Dada ndiye aliyeninyoa, akanipeleka chuoni kusoma Kurani, akamhonga mwalimu kwa mahamri ili nisichapwe. Kila kanzu niliyovaa mpaka ndevu zikaota alishona yeye. Na mimi nimemlipa kwa sinia la mbaazi.

Alhamisi, 14 Julai

Mahfudha ameifunua leso.

Sitaandika yote. Alisema yeye ameolewa na panya. Kisha akaniambia niende kwa Saadia nikaseme kweli, la sivyo ataenda yeye na ataanza na habari ya leso. Nikamuuliza Saadia atafanya nini, mumewe yuko Lamu. Akasema, "Wee nenda, Abdulhalim, kwa mara moja katika umri wako usiulize."

Nikasimama mbele ya pazia, sinia mikononi, nikasema kweli. Haikuwa ndefu. Kweli yangu huwa fupi, uongo ndio mrefu. Sinia likavutwa ndani. Nikasikia "Masikini!" Sikujua masikini ni mimi au redio.

Kisha Saadia akauliza iko wapi karatasi ya mistari iliyobandikwa kifunikoni. Hiyo ndiyo ramani ya redio. Bila hiyo vidude havijui kwao ni wapi.

Yallah!

Nikamkuta Kavumbi barazani kwa Aidarus, dele linatoa moshi, wazee wamejaa. Nikamuuliza habari ya karatasi ya kufungia kashata. Akasema ile haikufungiwa kitu, ilikuwa ngumu mno. Ameikunja akaiweka chini ya mguu wa benchi lake, maana linayumba. Nikatazama. Imo! Na juu ya benchi wameketi wazee saba, mmoja wao mnene kuliko wawili.

Nikawaomba wasimame. Wakakataa. Kavumbi akasema mtu hawezi kusimamishwa bila sababu, hata mahakamani husomewa shtaka kwanza. Nikasema ni jambo la siri. Wakajikalia vizuri zaidi, wakaagiza kahawa ya pili. Basi nikasema. Yote, kuanzia fyut ya kwanza. Kufika mahali pa punda, yule mnene alikuwa ameshaanguka mwenyewe, benchi likainuka bila ya kuombwa. Wakaniuliza nani atakayeirudisha redio. Nikasema mimi. Wakaanza upya.

Lakini Kavumbi akaipangusa karatasi kwa shuka yake mwenyewe, taratibu, akanipa kwa mikono miwili. Akasema nimsalimie Bi Mwanakuu, kahawa yake ya Jumamosi ataipandisha juu yeye mwenyewe. Mtu mwema. Namsamehe lile dele kuvuka ng'ambo.

Ijumaa, 15 Julai

Saadia alikuja asubuhi na Mahfudha, mabuibui mawili, kama wanaokwenda kumtazama mgonjwa. Chini ya buibui lake mlikuwa na chuma kidogo cha kulehemu, koleo na miwani. Miwani! Wakapanda kwa dada, wakafunga pazia. Mimi nikawekwa ngazini na sinia.

Kazi yangu ilikuwa kupitisha vidude. Saadia akitaja rangi, mimi natafuta, napitisha chini ya pazia. Kahawia, nyeusi, chungwa. Nikapitisha. Kikarudi. Akasema hiyo si chungwa, hiyo ni nyekundu. Nikasema gizani hapa ngazini rangi zote ni moja. Dada akasema hata juani Abdu huyu aliwahi kununua mbuzi mweupe akaja na wa kijivu.

Humo ndani walikuwa wanacheka, wanakula kaimati, wanazungumza kama wako harusini. Nikasikia lisilokuwa langu. Vidole vya Aidarus ni kama ndizi za mkono wa tembo, kazi ndogo ndogo haziwezi. Barua za masomo zilipokuja alikuwa anazisoma kwa sauti akishindwa kuelewa, na Saadia, akimenya viazi, akielewa. Akamfanyia jibu la kwanza. Kisha la pili. Kisha yote. Cheti kikaja kwa jina la mume. Miaka mitano redio za mtaa huu zinatengenezwa nyuma ya pazia!

Nilikaa na sinia langu mdomo wazi. Kisha Saadia akasema, bila kuinua sauti, kwamba baba aliye ngazini amesikia, na baba aliye ngazini atanyamaza. Nikaapa. Kanishika mkono siku ya aibu yangu, nitakuwa mtu wa namna gani nikimtoa barazani?

Akanipa na sifa. Alisema matundu yote mia moja na thelathini na moja nimeyasafisha sawasawa, njia mbili tu za shaba zimebanduka, ameziunga kwa uzi wa waya. Maneno yake hasa yalikuwa kwamba hajapata kuona upumbavu uliofanywa kwa ufundi mzuri hivi. Nimeyahifadhi.

Nilipokwenda kuswali Ijumaa kilipotea kidude cha manjano na zambarau. Nikaomba dua msikitini kwa kidude hicho, kwa rangi zake. Nilipoinama kuvaa viatu kikadondoka mfukoni.

Alasiri akamaliza. Redio ikafungwa, nikapewa heshima ya kutia betri. Ikawashwa.

Kimya.

Hata kukwaruza hakuna. Saadia akasema macho yamechoka, atarudi kesho. Dada akasema ahsante mwanangu, hata kama ni basi, ahsante. Aliusema ule "hata kama ni basi" kwa upole sana.

Jumamosi, 16 Julai

Saa saba na nusu Saadia akarudi. Nikasikia bisibisi inazunguka. Wameshafika wanawake wa nyumba za pili, Kavumbi ameshapanda na dele mpaka ngazi ya katikati, amekaa nami. Nje wazee wamevuka, wamejazana barazani kwangu, chini ya dirisha la dada. Baraza yangu! Sikuweza hata kufurahi.

Saa nane kasorobo. Saadia akauliza nani aliyetia betri.

Nikasema mimi, kwa nini.

Akasema zimesimama kichwa chini.

Kavumbi akaniangalia. Nikaangalia ngazi. Tik, tik, betri zikageuzwa. Na mara, Mungu mkubwa, taarabu! Sauti tele, wazi, haina hata mkwaruzo, fidla unaisikia inavyokwaruzwa na mwenyewe. Dada akapiga kelele kama msichana. Nikakumbatiana na Kavumbi, kahawa ikatumwagikia sote wawili.

Saa nane, salamu. Za Malindi, za Tanga, za Voi. Mtangazaji ana pumzi ndefu, jamaa wa watu hawaishi. Kisha akasema: Jaffar wa Dar es Salaam anamsalimu mamake mzazi, Bi Mwanakuu wa Kuze, Mombasa, anamwambia anamkumbuka kila siku na anamwombea ashuke ngazi kwa miguu yake. Anamsalimu Bi Mahfudha. Na anamsalimu mjomba wake Bwana Abdulhalim, ambaye anaombwa, kwa heshima zote, asiifungue redio hii.

Mtaa ukapasuka! Wazee chini wakaangukiana. Kavumbi akashuka ngazi nne kwa makalio. Lakini juu ya kicheko nikasikia jambo jingine. Kigelegele, kutoka dirisha la mbele. Kikajibiwa na dirisha la pili yake, na la tatu, mpaka mwisho wa uchochoro. Wanawake wakiita, Bi Mwanakuu! Umesikika! Umesikika, Bi Mwanakuu! Na dada anajibu dirishani, ehee, mwanangu huyo, mwanangu.

Nikajifuta uso kwa kilemba. Kahawa ilikuwa imeniingia macho.

Baadaye dada akakiri. Mwezi uliopita aliniona naizunguka redio na bisibisi, akamwambia Mahfudha amwandikie Jaffar. Wanawake wawili, barua moja, na mimi ndiye niliyeipeleka posta! Nimewaambia sikasiriki. Kusema kweli ni mara ya kwanza jina langu kutajwa redioni, tena na "Bwana" mbele yake. Namshukuru mpwa wangu. Namshukuru Saadia, kwa siri. Namshukuru dada, aliyenitengea kaimati tano.

Jumatatu, 18 Julai

Aidarus amerudi na tende. Chuma kilikuwa kimesharudi mahali pake, kimesuguliwa kinang'aa. Barazani akawaambia watu kwamba redio ya Bi Mwanakuu anasikia imepona, bila shaka ni kwa ushauri aliouacha. Nyuma ya pazia mtu akakohoa. Mimi nikatia tende mdomoni, mbili kwa pamoja, nikanyamaza. Tumbo limeniuma mpaka sasa.

Kisha akaniuliza, mbele ya wote, baada ya tangazo lile kama bado najiita fundi. Nikamwambia afikirie vizuri. Kuna mtu redioni aliyewahi kuomba watu wa Mombasa nzima, kwa heshima zote, Aidarus asifungue kitu? Anayeogopewa ndiye anayeweza. Wazee wakalipima neno. Mmoja akasema lina uzito.

Na tazama baraka zinavyokuja. Leo baada ya magharibi Kavumbi amenivuta pembeni. Mkwewe ana gramafoni, nzuri, ya mkono. Inaimba, lakini inavuta sauti kidogo, kama mwenye usingizi. Kidogo tu. Akaniuliza kama niko radhi kuitazama, akaiweka mlangoni kwangu, akaliweka na dele karibu yake.

Nimeisoma ile salamu tena na tena kichwani, neno kwa neno, maana mimi ombi la mpwa wangu naliheshimu. Jaffar alisema redio. Gramafoni hakuitaja.

Nimeshatoa skrubu nne.